Niliifupisha Tu

Mteja alikuwa amekaa kwenye benchi dukani kwangu, anasubiri nimalizie pindo la sare ya mwanawe, huku anacheka na simu. Ilikuwa Juni, na Mbinga mwezi huo baridi huwafanya watu wakae karibu karibu hata kama hawajuani. Akanisogezea simu ili na mimi nicheke.

"Sikiliza, fundi. Kuna bibi mmoja huko ziwani kajitangaza mwenyewe."

Akabonyeza, na sauti ya mama yangu ikatoka.

"Nyavu zenu nimezichukua mimi. Nimezivusha kule kwa ndugu zangu, nimeziuza, na hela nimekula. Nikizipata nyingine nitazichukua tena."

Basi, ikaishia hapo. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MGUU KULE AKIRI MWENYEWE. SAMBAZA.

"Umeipata wapi hii?" nikamuuliza.

"Iko kila mahali. Kwenye kundi letu la wakulima wa kahawa imetumwa mara mbili. Shemeji yangu wa Songea naye kanitumia." Akaibonyeza tena, akatikisa kichwa. "Watu wengine hawana hata haya."

Sikumwambia kwamba yule bibi ndiye aliyenizaa. Nilimaliza pindo, nikampa sare yake, nikafunga duka na kwenda stendi kutafuta basi la kushuka Mbamba Bay.

Mama yangu anaitwa Mwanahawa. Alizaliwa kwenye kijiji kile kile anachoishi, kata ya Chiwanda, na hajawahi kuhama. Baba yake alikuja na biashara ya nguo kutoka Kilwa, akaoa binti wa Kinyasa, akafungua duka na kuzikwa pale pale. Ndugu za bibi yangu wamekaa pande zote mbili za mpaka, wengine kwetu na wengine Msumbiji, kama ilivyo kwa nusu ya kijiji. Kule tunakwenda harusini na msibani, na wao wanakuja kwetu. Lugha ni ile ile, ziwa ni lile lile.

Kazi yake ni usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa. Anawanunua kwa wavuvi wakifika mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, anawakausha juani kwenye vichanja vyake na kuwauza kwa wachuuzi wanaopandisha Mbinga. Ni mtu wa kejeli. Ukimuuliza bei mara mbili atakwambia, "Chukua bure, na nauli nikupe." Wanaomjua hucheka na kulipa. Nimekua nikisikia watu wakija kununua usipa kwake ili tu wasikie atawajibu nini.

Wakati wa masika nyavu zilianza kuibiwa. Kwanza za Vitalis, kijana aliyezinunua kwa mkopo, halafu za wengine. Kijiji kikakasirika, na kilikuwa na haki ya kukasirika. Uchaguzi wa kamati ya mwalo ulikuwa unakaribia, na mtu anayeitwa Placidi alikuwa anautaka uenyekiti. Placidi si mjinga. Amewahi kufundisha, anaongea vizuri, na anajua mahali pa kunyamaza ili watu wacheke. Kwenye mkutano wa nyavu alisimama akasema, "Mwizi ni vigumu kumjua kwa sura. Lakini ndugu zangu, tuanze kuwatazama wale wenzetu wenye mguu mmoja hapa na mguu mmoja kule."

Watu wakacheka. Nimeambiwa hata mama alicheka.

Baada ya wiki chache maneno yale yakawa jina. Mtu mwenye jamaa Msumbiji akaitwa mguu kule, ingawa si kila mwenye jamaa. Placidi mwenyewe, bibi yake mzaa baba alitoka huko huko, lakini yeye hakuitwa hivyo. Waliitwa wale ambao tayari kulikuwa na mtu aliyewaonea wivu kwa jambo fulani: aliyejenga nyumba ya bati, aliyegombana na jirani kuhusu kiwanja, mwanamke asiye na mume anayeuza kuliko wenye waume. Watoto wakaanza kuwafuata njiani wakichechemea, wakiburuta mguu mmoja. Kisha neno likavaa suti. Kwenye ubao wa matangazo wa kamati likabandikwa tangazo kwamba "wakazi wasiothibitika" walete mashahidi wa kuzaliwa kwao kabla ya kuruhusiwa kununua samaki mwaloni. Mama yangu, mwenye miaka sitini na kitu, akatakiwa kutafuta watu walioshuhudia anazaliwa.

Hakuna aliyemwita mwizi. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Ukimwita mtu mwizi atakwambia leta ushahidi, na ukikosa atakushtaki. Ukimwita mguu kule, unadaiwa nini? Umetaja mguu tu. Akilalamika, utamwuliza kwa nini anajishuku.

Nilifika kijijini mchana wa siku ya pili. Vichanja vya mama vilikuwa vimeng'olewa, miti imevunjwa, vyandarua vya kuanikia vimechanwachanwa, na usipa wamekanyagwa kwenye mchanga mpaka hata kunguru walikuwa wanachagua. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Niligonga nikajitaja, akafungua kidogo, akanivuta, akafunga tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeitikia salamu. Sijasema kingine."

Nilidhani ni kejeli zake. Nikamuuliza kama amekula.

"Nimekula. Sijasema chakula kilikuwa kizuri. Sijasema kilikuwa kibaya. Sijasema nani alikileta."

Alikuwa anasema polepole, kila neno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wangu wenye simu. Nikaizima na kuiweka mfukoni. Akaendelea kuutazama mfuko.

"Mama, ile sauti ni yako kweli, au watu wameitengeneza? Siku hizi wanaweza."

"Ni sauti yangu."

"Ulisema maneno yale?"

"Nilisema." Akautazama tena mfuko wangu. "Nilisema. Sijasema ni kweli. Sijasema si kweli. Tunu, usiniulize."

Simu yake niliikuta kwenye ndoo ya unga, imeviringishwa kwenye kanga, imezimika. Redio alikuwa ameifunika beseni. Nikafungasha nguo zake chache, nikaita bodaboda mbili. Alipotoka nje alijifunika ushungi mpaka puani, akashika mdomo wake kwa kiganja kama mtu mwenye jino bovu, na hivyo ndivyo alivyopita katikati ya kijiji alichozaliwa.

Wanawake waliokuwa kisimani walitazama. Mmoja akasema, si kwa sauti ndogo, "Umeona? Dhamira inamsuta. Mtu asiye na kosa hachanganyikiwi."

Nataka msomaji alifikirie neno hilo. Walimuumiza mpaka akaumwa, kisha ugonjwa wenyewe wakaufanya ushahidi wa kosa.

Mbinga, nyumbani kwangu, hata yale maneno ya mawe yakakauka. Alikuwa anakaa kwenye ukingo wa kitanda na kanga mdomoni. Halali. Chakula anakigusa na kukiacha. Binti yangu mdogo, aliyezoea kutaniwa na bibi yake, alimwendea akamwambia, "Bibi, nitukane kidogo." Bibi yake akamkumbatia huku akitikisa kichwa, machozi yakamtoka bila sauti. Jirani mmoja akanishauri nimpeleke akaombewe, mwingine akasema amerogwa na watu wa ziwani, akanitajia mganga. Nilimpeleka hospitali.

Tulipokelewa na muuguzi wa afya ya akili, mwanamke anayeitwa Glorious, mnene, mpole, mwenye tabia ya kuvuta kiti chake akakaa ubavuni mwa mgonjwa badala ya mbele yake. Nilianza kumweleza. Akanisikiliza kidogo, kisha akaniomba ninyamaze, akamgeukia mama.

"Shikamoo, mama. Sitaandika chochote sasa hivi, na simu yangu iko kule dirishani. Ukitaka kuongea, unaogopa nini kitatokea?"

Tulikaa. Nje kulikuwa na mtu anasukuma kitanda chenye gurudumu linalolia. Mama aliondoa kanga mdomoni, akasema neno moja.

"Watakata."

Halafu akairudisha kanga.

Glorious hakumlazimisha. Alizungumza na daktari, mama akaandikiwa dawa za kumsaidia alale, tukapangiwa siku za kurudi. Nilipokuwa natoka aliniita pembeni.

"Mama yako anaumwa, Tunu. Si dhamira, si uchawi. Mtu akiona kila neno lake linageuzwa kuwa kitanzi, akili inaamua kutotoa neno. Atapona, lakini nikwambie ukweli, ninamtibu mtu aliyemwagiwa maji ya moto huku wengine bado wanaendelea kumwagia. Ile sauti inazunguka. Kama unaweza kufanya lolote kuhusu hilo, fanya."

Neno lile, "watakata", lilinifuata mpaka nyumbani. Kata nini? Nikaitoa simu ya mama, nikaipangusa unga, nikaichaji, nikafungua kundi la WhatsApp la wanawake wenzake wa usipa. Nilirudi nyuma, nikapita matangazo ya vikoba na picha za watoto wakipokea komunyo, mpaka nikaipata sauti yake. Ilikuwa ndefu kuliko ile niliyosikia dukani. Nikamwacha mama amelala, nikatoka uani kuisikiliza.

"Jamani, mimi nimechoka kutazamwa kisimani kama shetani. Leo tena nimeulizwa nilikuwa wapi siku nyavu zilipoibiwa. Nilikuwa wapi, mimi bibi wa magoti mabovu, nisiyeweza hata kupiga kasia? Basi wakija tena nitawajibu hivi: nyavu zenu nimezichukua mimi. Nimezivusha kule kwa ndugu zangu, nimeziuza, na hela nimekula. Nikizipata nyingine nitazichukua tena. Labda hapo roho zao zitatulia, maana ndicho wanachotaka kusikia. Haya, wenye usipa wa kuanika kesho tuwahi, mawingu ya leo siyapendi."

Chini ya ujumbe ule zilipangana sura za kucheka mpaka machozi, moja baada ya nyingine, kundi zima. Mmoja aliandika, "Mwanahawa utatuua." Kunigunda, rafiki yake wa miaka yote na mwenyekiti wa kundi, aliandika, "Waambie dada."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikazitazama zile sura. Nilikuwa nimejiandaa kumtafuta mtu mwenye siri. Kumbe hapakuwa na siri. Wanawake wote wale walikuwa na ujumbe mzima kwenye simu zao. Walicheka siku ile kwa sababu walimwelewa. Kisha kipande kilipoanza kuzunguka, vichanja vilipovunjwa, mama alipopita kisimani ameshika mdomo, hakuna hata mmoja aliyefungua simu yake akasema, ngojeni, sikilizeni yote. Na yule aliyesema dhamira inamsuta alikuwamo kwenye kundi. Jina lake lilikuwa pale, na sura tatu za kucheka.

Nilishuka tena ziwani na kwenda moja kwa moja kwa Kunigunda. Yeye ni Mmatengo, alizaliwa huku juu kwenye kahawa, akaolewa ziwani akiwa msichana. Mama ndiye aliyemfundisha kukausha usipa, na yeye ndiye aliyemfundisha mama kupika maharage ya kimatengo. Mimi namwita mama mdogo tangu nijue kuongea. Nilimkuta anachambua mchele barazani.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, Tunu. Mama anaendeleaje?"

"Haongei."

Akainamisha uso kwenye ungo.

"Mama mdogo, ulisikia ujumbe wote. Uliandika 'waambie dada'."

"Nilisikia."

"Ulijua alikuwa anakejeli."

"Nani asiyemjua Mwanahawa?"

"Basi kwa nini ulinyamaza?"

Aliendelea kuchambua, lakini vidole vilikuwa vinatoa mchele mzima na kuacha mawe. "Mimi nimekuja hapa kwa kuolewa," akasema. "Mume alishakufa. Ningefungua mdomo, kesho ningeitwa mimi wa mlimani, mguu juu. Nawajua. Wangenitafutia jina."

"Wengine wote, sawa, waliogopa. Lakini wewe?"

Aliweka ungo chini. Alikuwa amezeeka tangu nilipomwona mara ya mwisho.

"Tunu, mimi si kwamba niliogopa tu. Ujumbe ule nilimtumia Placidi mimi mwenyewe. Wote, mzima. Nilimwandikia, 'Tazama maneno yako yanavyomuumiza dada yangu.' Nilitaka aone haya. Nilidhani akimsikia jinsi alivyochoka, ataacha. Kesho yake nikakisikia kile kipande. Nikajua ni yeye, maana hakuna mwingine aliyempa. Nikampigia akaniambia, 'Wewe ndiye uliyenitumia. Ukisema, utakuwa unajisema.' Tangu siku hiyo silali."

Sikuwa na huruma ya kumpa. Nilimwambia, "Mama naye halali. Yeye anapewa dawa." Kisha nikamwambia kwamba mkutano wa kijiji ni kesho kutwa, nimeulizia, na mimi nitakuwepo. Kama atakuwepo na atafanya nini, ashauriane na Mungu wake.

Mkutano ulifanyika asubuhi kwenye darasa la shule, wanaume madawatini, wanawake wengi wamesimama ukutani. Ajenda ya kwanza ilikuwa suala la mama. Mtendaji wa kijiji, Meshack, kijana mwenye adabu aliyehamishiwa pale mwaka uliopita, alisimama na karatasi akasoma: "Kufuatia kutoelewana kulikojitokeza kati ya baadhi ya wananchi na mkazi mmoja, uongozi unazishauri pande zote mbili zisameheane na kudumisha amani na mshikamano."

Wakapiga makofi kidogo, kama ilivyo desturi. Placidi, aliyekaa dawati la mbele na shati jeupe, alipiga kuliko wote.

Nikanyoosha mkono.

"Mtendaji, naitwa Tunu, binti wa Mwanahawa. Naomba kuuliza. Kutoelewana kulikuwa wapi?"

"Dada, ni lugha tu ya kuweka mambo sawa."

"Hiyo lugha ndiyo ninayoiuliza. Mama yangu alivunjiwa vichanja. Yeye alimvunjia nani? Mama yangu aliitwa mwizi mpaka Songea. Yeye alimwita nani? Pande mbili ni zipi? Mama yangu asamehewe nini?"

Placidi akageuka. Alikuwa na ile sura ya mwalimu anayemvumilia mwanafunzi. "Binti yangu, hakuna aliyemwita mama yako mwizi. Nitajie mtu mmoja. Mimi binafsi nimesema kuna watu wenye mguu hapa na mguu kule. Ni Kiswahili cha kawaida. Mtu akiamua kukivaa mwenyewe kama shati lake, mimi nifanyeje? Na maneno ya nyavu kayasema yeye, kwa kinywa chake. Tusilete hasira za mjini kuvuruga amani yetu."

Niliona vichwa vinakubali. Neno "amani" lilikuwa limeingia, na sasa mimi ndiye niliyekuwa naivuruga. Nilitoa simu ya mama ili niwasikilizishe, lakini kabla sijapata pa kubonyeza sauti ilisikika nyuma yangu.

"Huyu mtoto akae. Nitaicheza mimi."

Kunigunda alitoka ukutani akapita katikati ya madawati. Alikuwa amevaa vitenge vya kanisani. Aliishikilia simu yake juu, na sauti ya mama ikajaza darasa, tangu "Jamani, mimi nimechoka" mpaka mawingu asiyoyapenda. Ilipofika kwenye magoti mabovu, mzee mmoja alicheka bila kukusudia, akanyamaza haraka.

"Huo ndio ujumbe," Kunigunda akasema. "Wanawake mliomo humu, mnao wote. Mliucheka. Na mimi niliucheka. Kisha nikamtumia Placidi, ili aone haya. Simu hii hapa, anayetaka aje atazame tarehe. Mimi ndiye niliyempa kisu, na yeye ndiye aliyekata. Kanitisha nisiseme. Leo nimesema. Mniite mnavyotaka."

Meshack akamtazama Placidi. "Mzee Placidi, ni kweli ulipokea ujumbe huu?"

Placidi alisimama, akanyoosha shati.

"Niliupokea. Lakini tusikuze mambo. Mimi niliifupisha tu ile sauti. Mnajua watu siku hizi hawana muda wa kusikiliza ujumbe mrefu. Sikuongeza hata neno moja. Kila kilichosikika kakisema Mwanahawa."

Nimesikia matusi mengi maishani mwangu, duka langu liko jirani na stendi. Sijawahi kusikia tusi kubwa kuliko lile, na lilisemwa kwa upole.

"Umeifupisha," nikasema. Nilikuwa nimekusudia kupiga kelele, lakini sauti ilitoka chini. "Mama yangu alisema maneno mengi, ukaondoa yaliyomfanya kuwa mtu, ukaacha yanayomfanya mwizi, na hilo unaliita kufupisha. Vichanja vilivyovunjwa navyo vilifupishwa? Mama yangu leo hawezi kumwambia mjukuu wake lala salama. Naye umemfupisha?"

Vitalis, mwenye nyavu zake zilizoibiwa, alikuwa amekaa dawati la pili. Alisimama huku anatazama sakafu.

"Dada Tunu, mimi nilikuwepo wakati wa kuvunja vile vichanja," akasema. "Nilisikia kile kipande nikapandwa na hasira. Mama yako alinikopesha usipa nilipooa. Mtendaji, usiandike kutoelewana. Andika tulimsingizia."

"Hilo neno ni kali," Meshack akasema.

"Ndilo lililotokea."

Walibishana kuhusu neno lile muda mrefu kuliko walivyowahi kubishana kuhusu nyavu. Wengine walitaka "kulitokea makosa". Mmoja akapendekeza "taarifa zisizo kamili". Kunigunda alisimama palepale katikati, akikataa kila moja, mpaka Meshack akalikata lile neno "kutoelewana" kwenye karatasi yake, akaandika upya, na kusoma kwa sauti kwamba kijiji kilimsingizia Mwanahawa wizi, na kwamba sauti iliyosambazwa ilikatwa kwa makusudi. Yule mwanamke wa kisimani alitoka kabla hajamaliza kusoma.

Siku hiyo hiyo Kunigunda aliutuma ujumbe mzima kila mahali alipoweza, na wanawake wengine, sasa kwa kuwa mmoja ametangulia, wakautuma pia. Mimi niliutuma kwa yule mteja wangu. Alinijibu, "Samahani fundi, sikujua." Lakini ujumbe mzima haukukimbia kama kile kipande. Mpaka leo kuna watu Songea wenye kipande na hawatausikia wote, kwa sababu kipande kinachekesha na ujumbe mzima unahuzunisha.

Placidi alijitoa kwenye uchaguzi. Tangazo lilisema amejitoa kwa sababu za kifamilia. Vijana wakiongozwa na Vitalis walijenga vichanja upya. Nyavu hazijapatikana, wala hakuna anayejua nani alizichukua. Tumefungua shauri kuhusu ile sauti, na linaendelea.

Mama alianza kuongea mwezi uliofuata, taratibu, kwanza na Glorious, kisha na binti yangu, kisha na mimi. Bado kuna siku anarudi kwenye yale mawe yake, anasema jambo na kulizungushia uzio. Glorious anasema tusimsahihishe, tumsikilize mpaka mwisho wa sentensi, hata kama mwisho uko mbali. Ujumbe wa sauti hatumi tena. Kijijini anasema atarudi, lakini hajasema lini, na mimi simuulizi.

Kunigunda alipanda basi akaja Mbinga bila kutuarifu. Mama alimwona kupitia dirishani, akaingia chumbani na kufunga mlango. Kunigunda akarudi tena mwezi ule ule na mfuko wa usipa, akakaa barazani kwangu mpaka jua lilipoanza kushuka, akaondoka. Alipokuja mara nyingine tulikuwa tunapukuchua mahindi uani. Mama hakuinuka kukimbia. Kunigunda akavua viatu, akaketi, akachukua hindi moja.

"Dada, nilikukosea."

"Ulinikosea," mama akasema.

Hakuongeza kitu, wala hakuzungushia uzio. Aliusogeza ungo ukae kati yao, wakapukuchua pamoja. Baadaye nikasikia wanaulizana habari za magoti.

Mimi nilichukua ndoo nikaenda bombani, ingawa maji yalikuwepo. Mama ni mwepesi wa kusamehe, na yeye ndiye aliyeumizwa, kwa hiyo ni haki yake. Nilijaza ndoo polepole, nikakaa nayo huko mpaka hasira ikapungua kiasi cha kurudi na kumkaribisha mgeni chai.